Bibi Aliyengojwa na Mkokoteni wa Punda

Mliniuliza safari ilikuwaje, nikasema ilikuwa poa, na mkajua nadanganya kwa sababu wakati huo nilikuwa nashona kola ya yunifomu ndani ikiwa nje. Basi nawaandikia, nyinyi watu wa kibanda chetu cha cherehani hapa Kawangware, maana sina nguvu ya kusimulia mara sita na kila mmoja aniulize halafu ikawaje. Someni, mpitishiane simu, na mkimaliza msinionee huruma. Sina huzuni mimi. Nina hasira, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Wafula mnamjua, baba wa watoto wangu watatu, fundi wa milango ya chuma. Miaka kumi na minne tunaishi pamoja, kumi kati ya hiyo kwenye chumba kile kile cha mtaa wa Gatwekera. Miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga kwetu Mutomo. Kwetu Ukambani, mwanamume asipopeleka mbuzi wa ntheo, wale watatu wa kwanza, wewe hujaolewa, hata ukizaa darasa zima. Kila Desemba naambiwa Desemba ijayo. Safari hii nilipomwambia nimechoka na naondoka, akaniletea likizo. Siku tano pwani, kijiji cha wavuvi, kimya, upepo, samaki. Nikamwambia sawa, tutaenda, lakini huko huko kwenye hicho kimya chako utanipa tarehe ya Mutomo. Akakubali. Kwa hivyo mkisikia nilienda pwani kuona bahari, jueni mimi nilienda kuchukua tarehe.

Gatwekera mpaka Mombasa

Watoto tulikuwa tumewapeleka kwa dada yangu kule mtaa wa Satellite. Asubuhi na mapema tukatoka, Wafula amevaa miwani ya jua na jua lenyewe halijachomoza. Jirani wa mlango wa pili alikuwa nje anapiga mswaki, akatema povu akapiga kigelegele, ati tunaenda hanimuni. Hanimuni, na kifungua mimba wangu ameshanipita urefu. Nilicheka naye kwa sababu sikutaka kuanza safari na ugomvi.

Kwenye basi niliketi na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anarudi Taveta. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia pwani. Akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, naenda kupumzika. Akanitazama vizuri, akanipa pole, na tangu hapo kila akimenya chungwa ananikatia nusu na kunishika mkono. Mpaka leo najua yule mama anaamini nimefiwa na sitaki kusema. Kwani mtu wa kawaida hawezi kupanda basi akaenda kupumzika, lazima pawe na maiti?

Kabla ya Voi, mahali ambapo hakuna duka wala mti, mkanda wa injini ukakatika. Tukashuka tukasimama kando ya barabara kwa saa tatu. Ndipo dereva akaja amejipaka grisi mpaka kwenye kope, akauliza kwa adabu kabisa kama kuna mama aliyevaa stokingi, kwa sababu stokingi ikisokotwa vizuri inaweza kushika nafasi ya mkanda. Wanawake wote wakaangalia milima. Wafula, mimi sijasema kitu, akanyoosha mkono kama yuko darasani akasema, "Bibi yangu anazo."

Stokingi mpya, nilizonunulia safari. Nikaenda nyuma ya kichaka nikazivua, nikampa dereva, na abiria wakanipigia makofi. Zilitufikisha Voi, hilo silikatai, na Voi wakapata mkanda wa haki. Wafula alikuwa anatembea na fahari katikati ya watu kama yeye ndiye aliyezivaa. Tulifika Mombasa jioni tumechakaa, tukalala kwenye chumba ambacho sitakizungumzia.

Mombasa mpaka kwa punda

Kesho yake tukavuka kwa feri, tukapata gari la kuelekea Lunga Lunga, tukashushwa kwenye njia panda ya mchanga. Kijiji chenyewe sikitaji jina, watu wake ni wazuri na sitaki waone aibu. Tulikuwa tunaenda kwa Mama Saumu, mjane ambaye mwanawe aliwahi kutengenezewa geti na Wafula huku Nairobi. Mipango yote Wafula ndiye aliyeifanya, yeye na simu yake, mimi nikapumbazika nikamwachia.

Pale njia panda tulikuta mkokoteni wa punda. Juu ya mkokoteni kuna godoro. Juu ya godoro kuna mto, shuka safi na mwavuli. Mwenye punda, mzee anayeitwa Bwana Juma, alitusalimia vizuri sana, halafu akaenda kusimama kwenye mlango wa gari lililotuleta, akachungulia ndani. Gari likaondoka. Akarudi kwetu na wasiwasi.

"Bibi yuko wapi?" akauliza.

"Si ni huyu," Wafula akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Bwana Juma akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. Akatazama tena kuanzia kitambaa mpaka viatu.

"Mashallah," akasema. "Amehifadhika."

Nikadhani hivyo ndivyo wanaume wa pwani wanavyosifu wanawake. Nikamwambia asante. Jameni, nilimwambia asante na nikatabasamu, mimi mwenye miaka thelathini na sita.

Alinipandisha kwa mikono miwili, akanilaza, akanifungulia mwavuli, akaniuliza kama kiuno kiko sawa. Punda akaambiwa aende taratibu, na kweli alienda taratibu, sijawahi kuona mnyama mtiifu namna hiyo. Wafula akawa anafuata kwa miguu na mizigo. Kila tuliyempita alisimama. Watoto wakatoka majumbani kunipa shikamoo, na mimi wa Gatwekera, ambako tunaambiana niaje, nikawajibu poa. Poa, poa, poa, njia nzima, mkono juu kama ninaomba kura. Nikasema moyoni, kumbe hii ndiyo likizo, kumbe watu wa pwani wanajua kumheshimu mgeni.

Kwa Mama Saumu

Mama Saumu alikuwa mlangoni na leso mbili, mnene, msafi, sauti yake ya chini. Alipomwona Bwana Juma ananishusha alikuja mbio kunishika kwapa. Halafu mkono wake ukaganda. Lakini ni mtu wa adabu, akaniingiza ndani.

Chumba kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Ila kitanda kilikuwa kimekatwa miguu mpaka kikakaribia sakafu. Kando yake kulikuwa na fimbo ya kutembelea, mpya, imepigwa msasa. Chini ya kitanda kulikuwa na poti ya haja yenye kifuniko. Na kwenye stuli kulikuwa na chakula kimefunikwa kawa: uji wa mchele na samaki aliyechambuliwa wote, hana mwiba hata mmoja, amepondwa pamoja na viazi. Mimi nimesafiri siku mbili nikila mahindi ya kuchoma nikiota samaki mzima, kichwa na mkia, wa kushika kwa mikono. Nikapewa chakula cha mtu asiye na meno.

Nikamwita Wafula nikamuuliza alimwambia nini huyu mama kwenye simu. Akajibu mbele ya Mama Saumu, bila wasiwasi wowote, ati alisema atakuja na bibi yake, kwamba bibi amechoka sana, magoti yanamsumbua, hapendi kelele, anataka tu apumzike kwa amani. Magoti ni ya cherehani ya miguu, nyinyi mnajua, hakuna asiyelia magoti hapo kibandani.

Mama Saumu akakaa chini polepole, akaanza kutikisika. Watu wa nyumba yake asili yao ni Pemba, na kwao bibi ni mama yake mama yako. Alikuwa amengoja ajuza wa miaka tisini anayeletwa aione bahari kabla Mungu hajamchukua. Fimbo ilichongwa na Bwana Juma. Samaki alichambuliwa na mabinti zake wawili asubuhi nzima. Msikitini watu walikuwa wameniombea. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso, mabinti wakaja wakacheka, Bwana Juma dirishani akacheka, Wafula akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Ningecheka vipi, fimbo nimeishika?

Mama Saumu akafuta macho akasema, "Basi kumbe huyu ni mkeo."

Hapo ndipo safari yangu ilipofika, wala si baharini. Kwa sababu nyinyi mnajua huku kwetu hakuna anayesema mke wangu. Tunasema bibi. Bibi ni neno la kila siku, bibi unaweza kumpata kwa kuhamia tu na sufuria. Mke ni neno la padri na la wazee, na kwa miaka kumi na minne Wafula alikuwa amelikwepa hilo neno bila mtu yeyote kugundua, hata mimi. Sasa ameulizwa waziwazi, na watu wote wanamngoja. Nikamtazama. Neno la silabi mbili tu, na mimi niko tayari kusamehe stokingi na punda na uji.

Akajikuna shingo.

"Ni bibi yangu tu," akasema. "Tunakaa pamoja."

Kicheko kikaisha chumba kizima. Mama Saumu hakumgombeza, angemgombeza ningefurahi. Alimwambia kwa upole, "Mwanangu, nyumba hii ina mabinti. Nikiulizwa mgeni wangu alilala na nani, nitajibu nini?" Akampa Wafula mkeka na chandarua chenye matundu, akamwonyesha banda la nyavu kule ufukweni, ambako wanaume wanatunza vyombo vyao. Mimi nikabaki na kitanda cha ajuza.

Siku za kimya

Mnaniuliza kama nilipumzika. Nilipumzika, na hilo nalo linanichoma. Nilikuwa nalala mpaka jua linaingia miguuni, hakuna anayebisha mlango kuomba chumvi, hakuna redio ya jirani. Mabinti wa Mama Saumu walizoea kunichambulia samaki, na hata baada ya kujua nina meno yote hawakuacha. Wananiketisha kwenye kibaraza, mmoja anatoa miiba kwa vidole, mwingine ananisogezea limau, tunaongea. Siku ya pili machozi yakanitoka, kipande cha samaki kiko mkononi. Nilikuwa najaribu kukumbuka ni lini mtu alinitolea mwiba, na sikukumbuka. Nikawaambia ni pilipili.

Asubuhi tulikuwa tunaenda na wanawake kutafuta pweza maji yakipwa. Kijiji kile kimya chake ni cha kweli, watu wanaongea kama wanaogopa kumwamsha mtoto. Mimi sauti yangu ya Kawangware ilikuwa inafika mpaka kwa wavuvi. Nikisema nipe chumvi wanashtuka, wanadhani nimeudhika. Mama Saumu akanieleza kwamba kwao mtu anasema naomba. Nikamwambia huku kwetu ukiomba utangoja sana. Akafikiri, halafu akaniuliza, "Na wewe hili la kwako, uliomba au ulisema nipe?" Nikamwambia miaka yote nimekuwa nikiomba.

Wafula naye nilikuwa namwona kwa mbali. Banda la nyavu lina mbu wa ukubwa wa njiwa, na lina wanaume wanne wazee ambao kazi yao ni kushona nyavu na kuuliza maswali. Nasikia walimuuliza kila siku. Umeoa wapi? Mahari ulimpa nani? Wakwe zako hawajambo? Yeye aliyezoea Gatwekera, ambako hakuna mtu ana muda wa kukuuliza ulimtoa wapi mwanamke wako, akawa kila jioni anakuja kusimama nje ya ua, uso umevimba, ananiuliza kama nimekula. Ile tarehe niliyoahidiwa hakuitaja. Nikimuuliza anasema tuko likizo, tusiharibu.

Siku ya tatu adhuhuri akaja amenyoa, amevaa shati la Jumapili. Nikajua leo ndiyo leo. Akasimama mbele ya Mama Saumu, mikono nyuma, akasema, "Mama, samahani. Huyu ni mke wangu. Sasa naomba unihamishie huku ndani."

Damu yangu ilichemka namna ambayo sijawahi kuisikia. Nilisimama na bakuli la pweza mkononi. Nilimwambia, "Miaka kumi na minne umeshindwa kulisema neno hilo kwa baba yangu. Leo umelisema kwa sababu ya mbu."

Akasema mimi nakuza mambo, si ndilo neno nililokuwa nataka. Nikamwambia arudi bandani nalo. Mama Saumu alinipokea bakuli kabla halijaanguka. Usiku huo nililala vibaya kuliko siku zote, kwa sababu neno nimelisikia kwa masikio yangu na ni kama nimepewa nguo ya mtu mwingine.

Kurudi, mpaka Kibwezi

Tulirudi siku ya tano, njia nzima hatuongei. Basi lilisimama Mtito Andei ili watu wapate kula. Akaninunulia chipsi na kuku bila kuniuliza, nikazila kwa sababu njaa haina ugomvi na mtu. Nilipomaliza kupangusa mikono nikamwambia kwamba mimi nashuka Kibwezi, nitachukua gari la kwenda Mutomo, kwa wazazi wangu.

Akauliza na watoto je. Nikamwambia watoto wako kwa dada yangu na wanalala pazuri kuliko alivyolala yeye.

"Na mimi?"

"Tiketi yako ni ya mpaka Nairobi," nikamwambia.

Sikusema vile nimtishe. Nilikuwa nimekata shauri kweli. Kwa saa ile nzima mpaka Kibwezi nilihesabu vitu vyangu kichwani, cherehani, sufuria, blanketi la mtoto wa mwisho, nikijua nitakavyovitoa kwenye kile chumba. Basi liliposimama nikashuka sikuangalia nyuma. Nikasikia mlango umefungwa, nikasikia basi limeondoka, moshi ukanipiga. Nikasema basi, imeisha hivyo.

Nikageuka kutafuta gari nikamwona amesimama pale barabarani. Hana begi, hana koti, vyote vimeenda Nairobi. Amevaa lile shati la Jumapili na uso wa mbu. Sikumkaribisha na sikumfukuza. Nikatembea, akafuata.

Mutomo

Nimesikia mmeanza kunong'ona kwamba Wafula amenitoroka kwa sababu tangu wiki iliyopita hajaonekana kwenye kibanda chake. Hajanitoroka. Yuko Bungoma, anatafuta baba zake wadogo wa kuja nao na mbuzi watatu. Kama atawapata sijui, na kama atarudi sijui, hasira yangu bado iko pale pale. Lakini yaliyotokea kwetu lazima myasikie kutoka kwangu, si kwa dada yangu anayeongeza chumvi.

Tulifika saa tisa alasiri. Mama alinikumbatia, akamwangalia Wafula, akaingia jikoni. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Hakuacha. Aliniuliza habari za watoto wote watatu kwa majina, majina anayoyajua kwa simu tu. Halafu akauliza mgeni ni nani. Mdomo wangu niliufunga makusudi, nikatazama mahindi.

Wafula alikuwa amesimama juani. Hakuna mbu Mutomo saa tisa alasiri, hakuna kitanda cha kugombania, hakuna mtu aliyemlazimisha kushuka kwenye basi.

"Mimi ni mume wa Mwende," akasema, sauti imekauka. "Sijaleta chochote. Nilipaswa kuja zamani."

Baba akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha, akaliweka chini.

"Kila mwaka kanisani naulizwa binti yangu ameolewa na nani," akasema. "Nasema ameolewa Nairobi. Nairobi si mtu, kijana. Nairobi haiwezi kuja ikakaa hapa nikaiuliza kama binti yangu anakula."

Nilimwona Wafula anapangusa uso kwa mkono wa shati, na mimi niliyekuwa nimeapa sitalia nikageukia ukuta.

Baba akavuta kigoda kingine kutoka chini ya upenu, akakipangusa vumbi kwa kofia yake.

"Sasa kaa," akamwambia, "nikujue."